Andiko likijirudia, lisomwe lote kabla ya kumwachisha mtoto dawa

Jumatatu asubuhi neno la uponyaji limeingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Jumatano jioni limesikika redioni, kwenye duka la jirani. Ijumaa shemeji aliyeko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ameliweka kwenye stetasi yake. Kwa mama wa Tunduma mwenye mtoto wa miaka saba anayeugua kifafa, kulisikia neno lilelile mara tatu ndani ya wiki moja si jambo dogo. Anaitazama pakiti ya vidonge juu ya kabati na kujiuliza kama Mungu hajamwambia aviache.

Mama huyo ni wa mfano, lakini swali lake si geni kwa mzazi yeyote anayelea mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu. Amechoka kuhesabu vidonge, amechoka na nauli ya kliniki na maneno ya majirani. Neno la faraja linapomfuata mara kwa mara, analishika kama mtu anayezama anavyoshika kamba.

Kusoma Biblia kwa kuzingatia yanayojirudia ni tabia njema. Walimu wengi wa Neno huifundisha, kwa sababu kitabu chenyewe kimeandikwa kwa kurudia. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unaishia na kiitikio kilekile kuhusu fadhili za Mungu. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, neno la kwamba kazi ya uumbaji ni njema linarudi mara saba. Msomaji anayeruka marudio hayo anapoteza nusu ya kinachosemwa.

Ugumu unaanza mzazi anapochanganya marudio ya aina mbili.

Simu na kitabu

Aina ya kwanza ni andiko linalomrudia msomaji. Simu ina mchango mkubwa hapo. Mtu akifungua video moja ya mahubiri ya uponyaji, programu humletea nyingine kumi zinazofanana nayo. Neno zuri likitumwa kwenye kundi moja la kanisa, kufikia jioni limeshatumwa kwenye makundi mengine matano. Likimfikia mama mara tatu, huenda limemtia moyo kweli, na hilo ni jema. Lakini idadi hiyo haitoshi kuamua dozi ya mtoto.

Aina ya pili ni ujumbe ambao kitabu chenyewe kinaurudia, katika sura mbalimbali na kwa vinywa mbalimbali, uwe umetumwa kwenye simu au la. Huu haujitokezi kwa mstari mmoja uliokatwa na kubandikwa juu ya picha ya machweo. Unahitaji kusoma sura nzima, kisha sura ya jirani.

Kupokea neno moja la siku hakukuanza na simu. Wamoravian, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wana kitabu cha maneno ya kila siku kilichochapishwa kwa mara ya kwanza huko Herrnhut, Ujerumani, kwa ajili ya mwaka 1731. Andiko la Agano la Kale la kila siku hupatikana kwa kura. Lakini haliachwi peke yake: huchaguliwa andiko la Agano Jipya la kwenda nalo, ili moja lisaidie kulielewa jingine. Wasomaji hao wamezoea kuliona neno la siku likisimama na mwenzake.

Farao, Samweli na Petro

Biblia ina habari za watu waliopata ujumbe unaojirudia, na inafaa kutazama walifanya nini baada yake.

Farao aliota ndoto mbili zenye maana moja. Yusufu akamweleza kwamba kurudiwa kwake ni dalili kuwa jambo limekwisha kuamuliwa na Mungu. Hakumwambia mfalme akae akisubiri. Alimshauri atafute mtu mwenye akili, ateue wasimamizi, na kutenga sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba. Ujumbe uliorudiwa ukaishia kwenye ghala. Mkulima wa mahindi wa Momba au Ileje anayefunga magunia yake kabla ya miezi ya njaa anaielewa habari hiyo bila kuhubiriwa.

Mtoto Samweli aliitwa usiku. Mara tatu alikimbilia kwa mzee Eli, akidhani ndiye aliyemwita. Ni Eli aliyetambua kinachoendelea na kumwelekeza namna ya kujibu. Sauti ilipokuja mara ya nne, Samweli alikuwa amekwisha kupata ushauri wa aliyemzidi umri na uzoefu.

Petro aliona maono yaleyale mara tatu juu ya dari, na bado hakuyaelewa. Maana yake ilianza kufunguka wageni walipobisha mlangoni, akawakaribisha, na kesho yake akaondoka nao.

Katika habari zote tatu, marudio yalimfanya mtu aulize na afanye kazi. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa aache jambo linalomlinda mtoto.

Baba mmoja, Injili tatu

Kwa mzazi wa mtoto mwenye kifafa kuna habari moja iliyo karibu zaidi na nyumba yake. Imeandikwa katika Mathayo 17, Marko 9 na Luka 9. Baba anamleta mwanawe anayeanguka. Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi inautaja ugonjwa huo kwa jina, kifafa, katika Mathayo. Waandishi hao wanaeleza pia habari ya pepo, na makanisa hayafundishi sawasawa juu ya jambo hilo. Lakini yako mambo ambayo kila msomaji anaweza kuyaona kwa kuziweka sura hizo tatu sambamba.

La kwanza, katika Injili zote tatu baba anasimama mbele ya umati na kusema mwanawe anaumwa. Hamfichi. La pili, katika zote tatu Yesu anaagiza mtoto aletwe kwake. Mtoto huyo hafungiwi chumba cha nyuma wageni wakija, wala haachwi nyumbani wenzake wakienda shule. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifafa ni kati ya maradhi yanayofichwa mno.

La tatu linapatikana kwa Mathayo na Marko: mtoto huanguka motoni na majini. Mzazi aliyewahi kumwona mtoto akianguka karibu na mafiga anajua uzito wa maneno hayo. Hatari hizo mbili bado ziko majumbani. Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na jiko la mkaa, kisima, ndoo kubwa ya maji au mto.

Marko peke yake anaongeza jambo ambalo mhudumu yeyote wa afya atalitambua. Yesu anamuuliza baba hali hiyo imeanza lini, naye anajibu kwamba ni tangu utotoni. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mzazi ataulizwa chumba cha daktari. Anayekwenda na majibu ya lini ilianza, huchukua dakika ngapi na mtoto huwaje kabla na baada, anamsaidia sana daktari.

Tena ni Marko anayesimulia kwamba baba huyo alikiri imani yake ina upungufu. Hakufukuzwa kwa kukiri hivyo. Mama anayeambiwa mtoto haponi kwa sababu yeye hana imani ana haki ya kuusoma mstari huo mara nyingi apendavyo.

Maombi na vidonge

Je, maandiko yanarudia kwamba anayeombewa aachane na tiba? Msomaji atakayetafuta atakuta mambo mengine. Habari ya mfalme Hezekia imeandikwa katika 2 Wafalme 20 na Isaya 38. Aliomba kwa machozi, akasikiwa, na kotekote imetajwa tini iliyowekwa juu ya jipu lake. Mtu mwenye ukoma aliyetakaswa, katika Mathayo, Marko na Luka, anatumwa kwa kuhani ili aonekane. Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kumchunguza, na sheria ya Walawi 13 ilitaka mwenye dalili za shaka atengwe siku saba kisha achunguzwe tena. Aliyepona alikwenda kukaguliwa.

Kwa lugha ya leo, mtoto aliyeombewa arudi kliniki apimwe. Akiwa amepona, daktari ataona. Dawa za kifafa hupunguzwa polepole, kwa mpango wa daktari, mara nyingi baada ya mtoto kukaa miaka kadhaa bila kuanguka. Zikiachwa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu, moja likifuatiwa na jingine bila mtoto kupata fahamu, na hali hiyo inaweza kuua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangepata uchunguzi na matibabu sahihi. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa aliyeanguka. Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo au malaria kali.

Mkoani Songwe kuna chanzo kingine cha kuzingatia. Wilaya ya Mbozi imefanyiwa tafiti kuhusu tegu wa nguruwe, wakiwamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Anayekula kitimoto yenye vifuko vya minyoo na isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi. Yakifika kwenye mikono, maji au mboga na kumezwa, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Choo bora, mikono safi, nyama iliyoiva na nguruwe aliyefungiwa bandani ni kinga.

Mtoto akianguka, asogezwe mbali na moto na vitu vyenye ncha, alazwe ubavu, na nguo ya shingoni ilegezwe. Asishikwe kwa nguvu wala kutiwa kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, akimbizwe kituo cha afya.

Penseli mezani

Familia inayotaka kusoma kwa kuzingatia marudio haihitaji elimu kubwa. Inatosha daftari la shule, penseli na robo saa baada ya chakula cha jioni. Isomwe sura nzima, watoto wakipigia mstari kila neno au tendo linalorudi. Kisha waulizane maswali matatu: anasema nani, anamwambia nani, na baada ya hapo alifanya nini? Kwa wiki hii waanze na Marko 9, mstari wa 14 hadi wa 29, kesho yake Mathayo, na keshokutwa Luka.

Mtoto mwenye kifafa naye awepo mezani, ashike penseli yake. Atakapokuta mtoto mwenzake ameandikwa mara tatu, na mara zote tatu ameletwa mbele ya watu, atakuwa amesikia jambo ambalo pengine hakuna aliyewahi kumwambia.

Na kabla ya taa kuzimwa, mama ashushe pakiti juu ya kabati, ampe kidonge chake na maji, kisha wasali.