Rekodi kipindi, mtoto alale

Saa 2 usiku ni taarifa ya habari, kisha inafuata tamthilia. Kwa familia ya vyumba viwili pale Makanyagio, mjini Mpanda, inayomlaza mtoto sebuleni, hapo ndipo ugomvi unapoanza. Anaambiwa alale, lakini televisheni iko futi chache kutoka kwenye godoro lake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Aprili 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Asiyelala mchana, na anayeamshwa saa 12 asubuhi, inabidi awe usingizini ifikapo saa 2 usiku. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2, skrini haishauriwi.

Familia yenye kompyuta nyumbani ina njia ya kutoka hapo: tamthilia irekodiwe, wazazi waitazame kwa wakati wao. Vivyo hivyo katuni za kujifunzia kama Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapahapa Tanzania. Zikirekodiwa, mtoto anatazama saa 10 jioni baada ya kucheza, na kipindi kikiisha kimeisha, hakuna kingine kinachojileta chenyewe.

Kazi hii inahitaji kifaa kidogo cha kunasa mawimbi, kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi. Wa antena achukue cha DVB-T2, wa dishi achukue cha DVB-S2. Kabla ya kutoa hela, muulize jirani mwenye king'amuzi cha aina hiyo anapata chaneli gani za bure. Chaneli iliyofungwa kwa kadi ya malipo haitafunguka kwa kifaa cha kawaida, hata muuzaji aseme nini.

Kwenye programu ndipo wengi wanapopotea. VLC ni ya bure, haina matangazo na inacheza karibu kila faili, lakini haina ratiba ya vipindi ya kuchagua cha kurekodi kesho. Kodi ina sura nzuri, ila kwa kurekodi inategemea programu nyingine nyuma yake. Windows Media Center, iliyopendwa na wengi, iliondolewa ilipokuja Windows 10 mwaka 2015. Kurudi Windows 7 kwa ajili yake si busara, maana matoleo ya usalama kwa watumiaji wa kawaida yalikoma Januari 2020.

Kwa mzazi mwenye Windows, NextPVR ndiyo ya kuanza nayo. Ni ya bure, inasoma ratiba inayorushwa na chaneli, na inaweza kurekodi tamthilia kila inaporudi bila mtu kugusa rimoti. Kuiseti mara ya kwanza kunachosha kidogo, hilo lisifichwe. Ipakuliwe kwenye tovuti ya watengenezaji wake, si kwenye kiungo kilichotumwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp. Ikishawekwa, kurekodi hakuli bando, kwa kuwa picha inatoka hewani.

Inachokula ni nafasi. Chaneli inayorushwa kwa megabiti 3 kwa sekunde inajaza takriban GB 1.35 kwa saa, hivyo tamthilia ya saa moja, siku tano kwa wiki, ni karibu GB 7. Zilizotazamwa zifutwe.

Kompyuta mpakato ina nafuu, kwani umeme ukikatika betri inaendelea, ingawa king'amuzi cha jirani kimezima. Lakini nyingine husinzia zikiachwa, na kipindi kinapita. Jaribuni kwanza mchana kwa kipindi chochote cha dakika 10, kompyuta ikiwa imefunikwa na kuachwa, kisha mfungue faili lile kwa VLC mwone kama picha na sauti vimo.