Damu kwenye mkojo: utafiti wa Denmark na kichocho chetu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio wakati wa kipindi cha asubuhi. Uliandikwa hivi: "Habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa huku Nyasa, nina miaka 46. Nilikojoa damu nikiwa mtoto, ikaacha. Sasa imerudi, haiumi. Ni uzee au ni nini?" Tuliusoma hewani bila kutaja jina, na kabla ya saa kuisha zilikuwa zimeingia meseji nyingine za namna hiyo, nyingi kutoka kwa wanaume. Ndipo tukaona jambo hili linahitaji maelezo marefu kuliko dakika tano za redioni.

Tuanze na jibu la mvuvi. Uzee peke yake hauleti damu kwenye mkojo. Kwa mtu mzima, damu inayotoka bila maumivu ni dalili ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo, hata kama imetoka mara moja ikakata. Sababu zinaweza kuwa nyingi, na baadhi si kubwa. Lakini mbili kati ya hizo zinakwenda pamoja, nazo ni kichocho na saratani ya kibofu.

Kichocho wengi tunakifahamu. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayevua au anayepanda mpunga bondeni, kisha hukua kuwa minyoo. Aina inayoshambulia njia ya mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai kwa miaka. Mayai mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na huko ndiko madhara makubwa yanakoanzia.

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo hao Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911, hukohuko Misri, daktari Ferguson aliandika kwamba kichocho na saratani ya kibofu vinahusiana. Ilipofika 1994, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ikamweka mnyoo huyo kwenye kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Tumbaku imo kwenye kundi hilohilo. Wenzetu wa Namtumbo mnaoilima mtatuvumilia, lakini katika nchi nyingi zisizo na kichocho, sigara ndiyo kisababishi cha kwanza cha saratani ya kibofu.

Hapo ndipo anapoingia mwanasayansi ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake. Julio Celis alizaliwa Chile, akasomea shahada ya uzamivu Marekani, akapitia Cambridge nchini Uingereza, kisha miaka ya 1970 akaweka makazi Aarhus, Denmark. Kazi yake ilikuwa kuhesabu na kutambua protini. Vinasaba ni maagizo. Protini ndizo zinazofanya kazi yenyewe ndani ya seli, na seli ikiugua, orodha ya protini zake hubadilika. Yeye na wenzake walikuwa wakitandaza protini za seli kwenye kipande cha utomvu mgumu kama jeli, zikajitenga kwa ukubwa na kwa chaji ya umeme, hadi kila moja ikaonekana kama doa. Madoa kwa maelfu. Kisha ukaja mwaka baada ya mwaka wa kuuliza: doa hili ni protini gani? Jina la elimu hiyo, proteomiki, limetokana na neno lililobuniwa mwaka 1994, wakati Celis alikuwa tayari ameifanya kwa miaka mingi.

Alianza na ngozi. Mwaka 1991 maabara yake ilieleza protini iliyokuwa nyingi mno kwenye ngozi ya wagonjwa wa soriasisi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba, wakaiita soriasini. Baadaye wakahamia kwenye uvimbe wa saratani ya kibofu uliotolewa kwa wagonjwa hospitalini, na humo wakaikuta soriasini ileile. Protini ya ngozi ilifuata nini kwenye kibofu?

Jibu linatuhusu moja kwa moja. Utando wa ndani wa kibofu kwa kawaida haufanani na ngozi. Lakini ukikwaruzwa kwa miaka mingi, na mayai ya kichocho kwa mfano, hujihami kwa kujigeuza kuwa kama ngozi, safu juu ya safu. Saratani inayozaliwa hapo huwa ya aina hiyo ya kingozi, tofauti na ile ya kawaida ya wavutaji. Mwaka 1996 kundi la Celis lilionyesha kwamba saratani hii ya kingozi huitoa soriasini nje, ikaonekana kwenye mkojo wa mgonjwa.

Denmark haina kichocho. Saratani ya kibofu ya kingozi huko ni asilimia chache tu ya saratani zote za kibofu. Kwa hiyo baadhi ya maarifa ya kina kuhusu saratani inayoletwa na kichocho yalijengwa nchi ambayo mtoto anaweza kuogelea ziwani bila kukipata. Hatumlaumu Celis kwa hilo. Alifanyia kazi wagonjwa aliokuwa nao. Lakini tunalo swali: ni nani aliyeichukua kazi ile na kuileta kwenye mito na mabonde yetu?

Hadi leo kipimo cha soriasini hakijawa kipimo cha kawaida hospitalini. Sababu moja ni ya kisayansi: seli za kawaida za ngozi nazo zinaweza kuwa na protini hiyo, hivyo mkojo uliochanganyika nazo unaweza kudanganya. Celis mwenyewe baadaye aliongoza taasisi ya baiolojia ya saratani Copenhagen na nguvu nyingi zikaenda kwenye saratani ya matiti.

Nchini kwetu kazi ipo pia, ingawa haina mashine kubwa. Mwaka 2013 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa kichocho cha mkojo na saratani ya kibofu kutoka kaskazini magharibi mwa Tanzania. Walikuta mayai ya kichocho ndani ya uvimbe wa saratani. Na Misri, ambako saratani ya kingozi ndiyo iliyotawala zamani, ilipungua sana baada ya nchi hiyo kupambana na kichocho kwa miongo kadhaa.

Kwa maoni yetu, tatizo la leo ni hesabu ya umri kuliko ukosefu wa sayansi. Kingatiba ya kichocho, vidonge vya prazikwanteli, kwa miaka mingi imelenga watoto wa shule ya msingi. Mtoto anapimwa urefu kwa fito, anapewa vidonge, anarudi darasani. Baba yake aliye kwenye mtumbwi na mama yake aliye bondeni hawamo kwenye foleni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake: penye maambukizi ya kuanzia asilimia 10, dawa wapewe watu wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Viongozi wetu wa halmashauri waulizwe mwongozo huo umefika wapi.

Na akina mama, damu hiyo msiichanganye na hedhi wala kuitibu kama ugonjwa wa zinaa bila kupimwa. Kichocho hushambulia pia via vya uzazi.

Ukifika zahanati, taja mto au ziwa unaloingia. Mkojo wa kutafuta mayai ni bora utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Lakini kwa mtu wa umri wa mvuvi wetu, kupewa vidonge vya kichocho na kurudi nyumbani hakutoshi. Aombe rufaa ya kupigwa picha ya kibofu kwa ultrasaundi. Ikionekana kitu, ataingizwa kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo na kipande kidogo kitachukuliwa. Huenda ikawa safari ya siku nzima kwa basi hadi Dar es Salaam, na nauli tunaijua.

Tulimpigia jioni ile. Alisema angekwenda hospitali Jumatatu, baada ya kuuza samaki. Tukamwomba aende Ijumaa.