Ukurasa wa Jamaa: Anacheza tu, ao anajifunza?



Mwezi huu tunajibu ulizo la mama mmoja wa Mangobo. Mwana wake ana miaka 14. Tangu masomo yafungwe, kutoka asubuhi mpaka mangaribi anakata plastiki, anapinda waya, anatengeneza motokari ndogo. Baba anasema huo ni mchezo wa bure. Mikono yenye nguvu kama hiyo iende na wajomba kwenye almasi, ilete feza nyumbani. Mama anauliza: nani ana haki?

Mbele ya kujibu, tuiangalie kwanza hiyo motokari. Mara nyingi sisi wazazi tunahukumu kitu ambacho hatukukitazama hata dakika tano.

Kijana amechagua Land Rover ya zamani, ile ndefu. Wazee wanaijua sana: ilibeba wagonjwa, walimu, wahubiri na mafundi wa migodi kwenye njia ambazo motokari zingine zilikwama. Historia yake inafaa kujulikana. Nyuma ya vita kubwa ya 1939-1945, Uingereza ilikosa chuma. Kila kiwanda kilipewa kwa kipimo. Maurice Wilks, fundi mkubwa wa kompani Rover, alikuwa anatumia jeep ya vita kwenye shamba lake. Mwaka 1947 alichora umbo la motokari mpya kwenye mchanga wa pwani, kule Wales. Na kwa sababu chuma kilikuwa haba, mwili wake walitumia aluminiamu iliyokuwa inapatikana. Tarehe 30 Aprili 1948 wakaionyesha watu kule Amsterdam. Ukoo ule uliendelea kutengenezwa katika kiwanda cha Solihull mpaka 29 Januari 2016.

Kumbe motokari hii nayo ilizaliwa katika ukosefu. Walitazama kile kilichokuwa mkononi, wakaanza kazi. Mtoto wa Mangobo anayeokota plastiki njiani anafanya namna ileile.

Sasa tuangalie hesabu. Katika nchi nyingi wanauza sanduku lenye vipande vya plastiki tayari, na karatasi ya kuonyesha namna ya kuviunganisha. Vipimo vinavyojulikana ni 1/24, 1/25 ao 1/43. Maana ya 1/24 ni hii: santimetri 1 ya mezani ni santimetri 24 za motokari ya kweli. Kwetu sanduku lile ni haba na bei yake ni kali, lakini kipimo hakiuzwi. Land Rover ndefu, kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, ina karibu santimetri 277. Gawanya kwa 24: unapata 11 na nusu. Upana wake ni karibu 168. Gawanya: unapata 7. Gurudumu lina karibu 80. Gawanya: unapata 3 na kidogo.

Haya, kijana, nani atakupa gurudumu la santimetri 3? Chukua kifuniko cha chupa ya plastiki, kipime. Ukizungusha juu yake ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umepata gurudumu. Mpira wa namna hii haukosi pahali toleka wanapotengeneza baiskeli zao. Omba kile kipande wanachotupa.

Baba mpendwa, hesabu hii ni ileile ya karatani ya nchi, na ya plani ya mgodi ambayo mpimaji anaitandika mezani. Mtoto anayeelewa 1/24 hatashindwa na 1/500. Shuleni alikariri namna ya kugawanya. Hapa ameona kugawanya kunatumika kwa nini.

Tuje kwenye plastiki. Vijana wengi wanachoka hapa, wanasema kole ni mbaya. Kole haina kosa. Plastiki ni za jamii mbalimbali. Tazama chini ya kitu: mara nyingi kuko pembetatu ndogo yenye namba ndani. Bidoni nyingi za mafuta zina namba 2. Plastiki hiyo inakataa kole, na rangi inabanduka juu yake. Uishone kwa waya mwembamba. Vikombe vingine vya maziwa ya mgando vina namba 6. Hiyo ndiyo jamii ya plastiki inayotumiwa katika masanduku ya kiwandani, na inakubali kole vizuri. Sanduku la CD iliyoharibika nalo ni la jamii hiyo. Upande wake unaopitisha mwangaza ukatie vioo vya motokari.

Kole ya kazi hii haishiki kama kole ya unga wa muhogo. Inayeyusha kidogo pande mbili za plastiki, zinaingiana, na ikikauka zimekuwa kitu kimoja. Kwa hiyo kole nyingi si nguvu. Kole nyingi inaharibu kipande. Tone dogo, shika, hesabu polepole, kisha acha mpaka kesho.

Ufuate utaratibu huu. Kwanza chora kila upande kwenye karato, ukate, uunganishe, uone kama milango inafaa. Ikikosea, umepoteza karato tu. Nyuma ya hayo ndipo ukate plastiki. Sugua ncha zote kwa karatasi ya msasa. Osha vipande kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta ya vidole yanafukuza rangi. Paka rangi nyembamba, iache ikauke, paka tena. Mwenye haraka anapaka mara moja rangi nzito, nayo inatiririka kama machozi na kufunika kila mstari aliouchonga.

Mwisho kunakuja mambo madogo madogo, na hapa ndipo tunamjua mtu anayetazama. Je, taa ziko wapi? Kwenye Land Rover za kwanza ziko karibu-karibu, katikati ya uso. Kwenye zile za tangu mwisho wa miaka ya 1960 zimesogea kwenye pembe za mbele. Gurudumu la akiba? Mara nyingi liko juu ya kapo. Na kutu je? Vijana wengi wanapaka kutu nyekundu kwenye milango kusudi motokari ionekane imezeeka. Lakini tumekwisha sema mwili ni wa aluminiamu, na aluminiamu haifanyi kutu nyekundu. Shasi ndiyo ya chuma. Weka kutu huko chini. Vumbi jekundu la njia zetu, hilo liweke popote! Mwenye kujua kitu kimetengenezwa na nini, anajua namna kitakavyozeeka. Elimu hiyo inafaa kwa motokari, kwa nyumba, hata kwa bomba la maji.

Neno moja la kuonya. Harufu ya kole na ya dawa za kuyeyusha rangi inadhuru kichwa, maini na pumuo. Sisi wote tumeona watoto wa njiani wanaoinusa kwa kusudi, na namna inavyowapoteza. Kazi ifanyike inje, penye upepo, mbali na moto, mbali na watoto wadogo. Mzazi ndiye ashike ufunguo wa pahali kole inapowekwa. Asitumie petroli kuosha rangi karibu na jiko ao taa ya moto. Na kisu kikate kuelekea inje, si kuelekea kidole.

Basi, nani ana haki? Tuseme wazi: baba haoni njaa ya uongo. Motokari ya plastiki haitalipa feza za masomo mwezi wa tisa. Hatuwezi kumcheka baba anayehesabu vinywa vya kulisha. Lakini shimo la almasi si mahali pa mtoto wa miaka 14. Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inasema kila mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumtia katika kazi za kumhatarisha. Hata bila sheria, ninyi mnaoishi karibu na mashimo mnajua udongo unavyoanguka. Tena mnajua vijana wangapi walikwenda kwa likizo moja, na shuleni hawakurudi tena. Ile feza ya kwanza ni tamu, ndiyo inayowafunga.

Kuko njia ya tatu. Baba, mshike mtoto mkono, mwende pamoja kwa fundi mnayemwamini: seremala, mchomeleaji, ao mwenye garaji. Mchukue na motokari ile. Fundi ataigeuza, atatazama viungo, na ndani ya dakika chache atakuambia kama mikono hii inafaa kufundishwa. Likizo ipite pale, na masomo yakifunguliwa mtoto arudi darasani. Kama kuko shule ya ufundi karibu, uliza mapema masharti yake.

Wengine watasema: nani aliyepata kuheshimiwa kwa vitu vya karato? Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, hapa Kongo. Alikuja Kinshasa, akaanza kutengeneza nyumba ndogo na miji mizima kwa karatasi, karato, plastiki na vitu vilivyotupwa. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, kwanza hawakuamini kwamba ni yake. Akafanya nyingine mbele ya macho yao. Wakampa kazi ya kutengeneza vitu vya zamani. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Alikufa mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba kubwa la MoMA, New York, lilijaa miji yake. Hatusemi kila mtoto atakuwa Kingelez. Tunasema tu kwamba yeye naye alipaswa kuaminiwa na mtu.

Na wewe kijana, usijivune. Maji yachotwe, masomo yasomwe, ndipo ukate plastiki. Kitu ulichoanza, ukimalize. Motokari kumi zisizo na magurudumu hazina faida kama moja iliyokwisha.

Wazazi, leo jioni fanyeni jambo dogo. Mwulizeni mtoto: "Umepima namna gani?" Kisha mnyamaze, mmsikilize mpaka mwisho.