Mali Hungojewa, Seuze Mwili wa Mtoto!



Siku hizi mabarazani kwetu watu wafurahia habari za Marekani, ya kwamba wametunga sheria za kuwazuia matabibu wasiwape dawa za kugeuza jinsia watoto wasiofika miaka 18. Wengine wasema, "Alhamdulillahi, hata wale wamerejea kwenye haki." Mimi nakuomba usifurahi mpaka uisome sheria hadi mwisho wake.

Jimbo la Arkansas ndilo lililotangulia, mwaka 2021. Gavana wake, Asa Hutchinson, ambaye ni wa chama kile kile kilichoileta sheria, aliikataa, kwa hoja ya kuwa serikali imejitia baina ya mzazi na tabibu, na kuwa watoto waliokwisha kuanza dawa wangekatiwa njiani. Baraza likampinga likaipitisha. Tennessee ikafuata mwaka 2023, na mengine mengi yakaandama. Tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha sheria ya Tennessee, majaji 6 kwa 3. Wala majaji hawakusema kuwa sheria ile ni ya hekima; walisema hilo ni la kuamuliwa na raia na wawakilishi wao.

Hoja ya wenye sheria ni hii: mtoto hajui mwisho wa mambo, basi asifanyiwe lisilorudi nyuma. Chama cha matabibu wa watoto cha nchi ile chawapinga. Ama mimi, hoja hii naikubali. Huko Uingereza Dakta Hilary Cass, katika ripoti yake ya Aprili 2024, aliona ushahidi wa dawa za kuzuia balehe ni dhaifu. Lakini alisema pia kuwa watoto hawa wahudumiwe kwa huruma, wasitupwe.

Sasa tazama ubaya ulipo. Sheria ya Arkansas, na nyingi zilizoifuata, zimeacha mlango wazi kwa mtoto huntha, aliyezaliwa viungo vyake havijabainika. Huyo aruhusiwa kukatwa angali mchanga, hata jina lake hajalijua! Ikiwa wa miaka 16 hawezi kuridhia, je, wa miezi 6 ameridhia lini? Hoja ikifuatwa kwa mmoja na kuachwa kwa mwenziwe, hiyo si hoja tena, ni siasa.

Utasema: "Huntha ana ila ya mwili, anatibiwa." Naam, akiwa mkojo umezibana, au uhai wake umo hatarini, na atibiwe leo kabla ya kesho. Lakini kumkata ili tu wazee wasione haya mbele ya majirani, hiyo si tiba.

Na sisi tuna elimu juu ya jambo hili tangu zamani. Wanavyuoni wetu wa Kishafii, huntha akirithi na jinsia yake haijulikani, humpa kile kilicho yakini, na kilicho na shaka hukizuia mpaka mambo yabainike. Balehe ikija na alama zake, ndipo huhukumu. Ndugu yangu, ikiwa shilingi za urithi twazingojea, seuze kiungo cha mwanadamu, ambacho kikiondoka hakirudi?

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 iliwapata huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekataza kuwageuza au kuwaondoa viungo watoto hawa bila ya ushauri wa tabibu bingwa wa nasaba za maumbile. Sheria nzuri. Lakini sheria haiingii chumbani ambamo mtoto amefichwa wageni wasimwone.

Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka 40. Nimemwona mtoto akiacha kusoma kwa sababu ya kuitwa jikedume, na wazee wake wakacheka pamoja na wanaocheka. Hakuna bunge lililotuamrisha hayo. Basi kabla ya kushangilia sheria za watu, tuitazame nyumba yetu. Mtoto aliye na dhiki, ya mwili au ya nafsi, asikizwe, asitukanwe, asiharakishwe. Yeye ni amana, na mwenye amana atauliza.

Wabillahi tawfiq.