Nani Atatubadilishia Gunia?

Tuambiane ukweli. Aflatoksini haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiwezi. Chemsha githeri masaa matatu, songa ugali mpaka jasho likutoke, sumu iko pale pale.

Na usiniambie hayo ni mambo ya Ukambani. Ni kweli, mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Lakini kuvu haisomi ramani za kaunti. Inapenda mahindi yaliyopigwa na ukame shambani, kisha yakawekwa ghalani kabla hayajakauka. Mbeere wanaijua hali hiyo. Tharaka pia. Na wewe wa Nairobi unayetumiwa gunia kutoka ushago, uko kwenye foleni hiyo hiyo.

Watafiti hawajalala. Walienda Meru na Tharaka Nithi, wakapima mahindi ya familia zenye watoto wadogo, na yaliyokutwa na sumu wakayabadilisha kwa mahindi safi. Matokeo yakachapishwa 2018. Sumu ilipungua kwenye damu ya watoto. Kuhusu urefu wao, jibu halikunyooka: katikati ya utafiti watoto waliobadilishiwa walikuwa wamewapita wenzao, lakini mwishoni tofauti hiyo haikuonekana.

Sasa utasikia wakubwa wakisema, "Basi tungoje utafiti zaidi." Tungoje nini? Kwamba sumu hii huleta kansa ya ini si swali tena. Na ukiwa na hepatitisi B, hatari inazidi maradufu. Makaburi ya 2004 hayahitaji jarida la kisayansi.

Machi 2021 serikali ilifunga mpaka kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, halafu baada ya siku chache ikalegeza kamba. Sawa, linda mpaka. Lakini posho mill ya mtaani Embu inalindwa na nani? Mahindi ya shamba la nyanya hayapiti mpakani. Yanatoka ghalani, yanasagwa, yanaliwa.

Na hapa ndipo mahubiri ya "kausha vizuri, tupa yaliyooza" yananichosha. Mama mwenye gunia moja la mwisho, ukimwambia ni sumu, atafanya nini? Atalitupa watoto walale njaa? Atalipika. Au ataliuza, likuje kwako kwa gorogoro. Au atampa ng'ombe, na sumu irudi kwa maziwa.

Utafiti ule ulifanya kitu kimoja ambacho kaunti zetu zinapaswa kuiga: ulichukua gunia bovu, ukarudisha zuri. Kipimo sokoni, mashine ya kukaushia kwa kila ushirika, na fidia kwa anayesalimisha mahindi yake. Gavana akija kuomba kura, usimuulize barabara tu. Muulize: nani atatubadilishia gunia?