Usikate Kidonge Nusu



Juzi baada ya ibada, mama mmoja alinivuta kando. Dawa zake za presha zimepanda bei, kwa hivyo amekuwa akikata kila kidonge nusu ndiyo zifike mwisho wa mwezi. Sasa amepata mtu kwenye WhatsApp anayemuahidi dawa kutoka India kwa bei ya chini. "Pasta, niombee kabla sijatuma pesa."

Nilimwombea. Lakini pesa nikamwambia asitume.

Shida si India. Mwaka wa 2001, dawa za UKIMWI zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka katika nchi tajiri, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Kuna watu wanaoimba nasi kanisani leo kwa sababu ya mlango huo. Kwa hivyo usidharau dawa kwa kuwa ni ya bei rahisi.

Shida ni dawa isiyo na mwenyewe. Ukidhurika na kidonge ulichotumiwa na mtu usiyemjua, utamuuliza nani?

Fanya hivi. Mwombe daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, si jina la kampuni. Nenda kemisti iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, uulize ya bei ya chini zaidi. Uliza na ya pili, na ya tatu. Kuuliza bei si kukosa imani. Na usipunguze dawa bila kumwambia daktari.

Jumatatu tuliandamana na yule mama hadi kemisti. Alipata dawa ileile, ya kampuni nyingine, kwa chini ya nusu ya bei.

Sasa neno kwetu kanisa. Msamaria mwema hakupita akisema "nitakuombea". Alifunga majeraha, akatoa pesa mfukoni kulipia matunzo. Mbona sisi tuko wepesi kuchangia jeneza, lakini dawa hatuchangii?

Wiki hii mtafute mmoja anayekata vidonge kimyakimya. Muulize, "Dawa zimebaki ngapi?" Kisha muombe pamoja, na mwende kemisti pamoja.