Manowari za Kadi na Mizani ya Insafu



Mzazi mmoja wa hapa Babati ameiletea kamati yetu swali ambalo tumeona lifaa kujibiwa katika safu hii, ili na wazazi wengine wanufaike. Kijana wake wa miaka 17 hukaa peke yake baada ya Isha akisogeza vipande vya kadi juu ya karatasi ya manila iliyochorwa bahari. Kila kipande ni manowari. Hucheza upande huu, kisha huhamia kiti cha pili akacheza upande ule. Mzazi anauliza mambo matatu: Je, kijana huyu yu mzima? Je, mchezo wake ni halali? Na una faida gani kwa mtu wa bara, ambaye maji makubwa aliyoyazoea ni Ziwa Babati na viboko wake?

Kuhusu la kwanza, mzazi na atulie. Michezo ya vita vya baharini ichezwayo mezani au sakafuni ina historia ndefu, na imeshughulikiwa na watu wazima wenye vyeo. Mwingereza Fred T. Jane alichapisha kanuni za mchezo wa namna hiyo mwaka 1898, na maofisa wa majeshi ya majini wakaucheza. Mwaka 1942, mjini Liverpool, jeshi la majini la Uingereza lilifungua chuo kidogo ambamo wasichana wa jeshi hilo walichora bahari kwa chaki sakafuni, wakawafundisha manahodha jinsi ya kuzikabili nyambizi za Wajerumani. Ama kucheza peke yake, sababu yake ni nyepesi: pambano moja huchukua saa nyingi, na mwenzi mwenye subira ya kiasi hicho ni adimu. Sisi wenyewe tunaucheza mchezo huu, na mara nyingi kiti cha pili huwa kitupu.

La pili lahitaji uangalifu zaidi. Mingi ya michezo hii huamua kwa dadu kama kombora limepiga au limekosa. Hapa Mwislamu hana budi kusimama. Hadithi sahihi zimekemea vikali mchezo wa nardi, ambao ni wa dadu, na jumhuri ya wanazuoni wameuharamisha hata pasipo dau la fedha. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wametofautisha baina ya mchezo uliojengwa juu ya hesabu na fikra, kama sataranji, ambayo Imamu Shafi aliiona makuruhu wala hakuiharamisha, na ule uliojengwa juu ya bahati. Wapo waonao nafasi kwa dadu pasipo kamari, lakini sisi hatuoni haja ya kuingia katika shaka ilhali njia safi ipo.

Njia hiyo ilitumiwa na mwandishi wa Marekani, Fletcher Pratt, ambaye mchezo wake wa manowari haukutumia dadu. Mchezaji hukadiria kwa jicho umbali wa meli ya adui, akauandika, kisha rula ikapima. Aliyekadiria sawasawa amepiga. Aliyekosea, kombora lake limeanguka majini. Huo ni ustadi wa jicho, mfano wa kulenga shabaha, wala si bahati nasibu. Anayecheza peke yake ataandika makadirio ya pande zote mbili kabla ya kushika rula, kwa kuwa akishapima upande mmoja, jicho lake limekwisha kuambiwa jibu la upande wa pili.

Masharti mengine yanajulikana: pasiwe na dau, Sala isicheleweshwe, na masomo na kazi za nyumbani zisiachwe. Yakitimia hayo, hatujui sababu ya kumzuia kijana.

Sasa la tatu, yaani faida. Tungependa kijana asianze na bahari za mbali, bali na maji yetu. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja, mitambo yake ikirekebishwa. Mizinga ya Königsberg ilipiga mbali kuliko ya mwenzake. Mabaharia zaidi ya 30 wa Pegasus walikufa, na makaburi ya baadhi yao yapo hadi leo katika kisiwa cha Chapwani. Mchezaji akikaa kiti cha Pegasus, atajaribu kila hila na bado atashindwa, maana meli haiwezi kusogea na makombora yake hayafiki. Hapo ndipo atakapoanza kuuliza swali jingine: ni uamuzi gani uliotangulia, hata meli hiyo ikabaki peke yake mahali pale? Historia ya darasani humpa kijana tarehe ya kushindwa. Meza humlazimisha kuitafuta sababu.

Baada ya hapo Königsberg, nayo ikiwa na hitilafu ya mitambo, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, wakaizingira, lakini manowari zao kubwa hazikuweza kupanda mikono ya mto kwa uchache wa kina cha maji. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Shambulio lao la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu, na Mersey ikapigwa. Walirudi tarehe 11 Julai, ndege ikiwaelekeza makombora yanakoanguka, na siku hiyo Königsberg ikaishia matopeni. Anayetaka kulicheza pambano hili lazima ajifunze kujaa na kupwa kwa maji, mikoko iliyoziba macho ya walenga shabaha, na taabu ya kumpiga usiyemwona.

Wala habari hizi hazikuishia pwani. Wajerumani waliitoa mizinga 10 mikubwa ya Königsberg majini, wakaitengenezea magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu. Katika mapigano ya Kondoa Irangi ya Mei 1916, mizinga ya meli hiyo ilinguruma dhidi ya jeshi la Jenerali van Deventer, lililokuwa limeteremka kutoka Arusha kwa kupitia pande zetu hizi za Ufiome. Kondoa ni jirani yetu wa kusini. Watu wetu huenda na kurudi siku moja. Basi vita vya baharini vilifika bara, na kijana wa Babati akikata kipande cha kadi na kukiandika Königsberg, anaishika historia ya barabara aipitayo.

Lakini lipo jambo ambalo michezo hii aghalabu hailionyeshi, nasi tunamwomba kijana alitie mwenyewe. Mitambo ya Königsberg ilipohitaji kutengenezwa, ilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam na kurudishwa kwa nguvu za Waafrika. Mizinga nayo ilivutwa na watu. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Katika meza yetu sisi tumeweka kanuni yetu wenyewe: kila mzigo utakaosogezwa nchi kavu una kipande cha wapagazi, na kila hatua hupunguza idadi yao kwenye daftari. Kanuni hii hubadilisha moyo wa mchezaji. Ushindi uliokuwa mtamu huanza kuwa na bei.

Tumeiacha mwisho faida tunayoiona kubwa kuliko zote, nayo inatokana na huko kucheza peke yake hasa. Mwenye mpinzani hutafuta kushinda. Mwenye kucheza pande zote mbili hutakiwa kumtafutia kila mmoja njia yake iliyo bora kabisa, hata yule asiyempenda. Akiupendelea upande mmoja, hakuna wa kumlaumu wala wa kumwona isipokuwa Mola wake, na mchezo wenyewe huharibika mara moja. Katika kazi ya kamati tumesikiliza mashauri ya ndugu waliogombea kiwanja na ya wanandoa waliofika na hukumu zao mkononi. Kinachokosekana mara nyingi si akili. Ni uwezo wa kuondoka katika kiti chako, ukakaa cha mwenzako, ukaitazama meza kutoka huko kwa nia njema. Uwezo huo hujengwa kwa mazoezi, na kijana huyu ameyaanza bila ya kuambiwa.

Kwa hiyo, mzazi, usimnyang'anye kadi zake. Muulize leo ni zamu ya nani. Mwambie mdogo wake aandike kwa siri ni mkono upi wa Rufiji meli imejificha, ili mwenye kuitafuta asijue. Mama naye apewe rula, awe mpimaji asiyekuwa na upande. Atakaposema kombora limekosa, kijana na akubali, hata kama manowari iliyokosa ni ile aipendayo.

Wabillahi tawfiq.